Hereni ya Sikujua

Jina la mfugaji? Mwasiti Semndili.
Kijiji? Mkwaja.
Idadi ya mifugo iliyouawa? Mmoja.
Jina la mnyama, kama lipo?
Sikujua.

Kijana akaweka kalamu chini.
"Mama, hujui jina la ng'ombe wako?"
Ndilo hilo, mwanangu. Andika Sikujua.
Mama yake nilimnunua mnadani
bila kujua kwamba ana mimba.
Benchi zima likacheka, hata mimi nikacheka,
nimepakata kopo la maziwa ya unga
na ndani yake sikio,
limetiwa chumvi kama nguru.

Maana simba hakuacha kitu cha kuapia.
Alitokea upande wa ranchi ya zamani,
akapita boma la wenye arobaini,
akapita la wenye kumi na sita,
akaja kwa mwenye mmoja.
Asubuhi tulifuata mburuzo hadi kwenye mikoche:
kwato mbili, nzi,
na sikio la kushoto lenye hereni ya njano,
ile ya serikali,
ile niliyoilipia.

Mtendaji akasema, piga picha.
Kisimu changu ni cha tochi.
Akasema, basi karipoti, una siku tatu.
Siku ya kwanza bwana nyama yuko semina.
Siku ya pili pantoni imeharibika,
nimekaa Bweni kutwa nzima naitazama Pangani
ng'ambo ya mto, karibu hata ukiita unaitikiwa,
na sikio linaanza kunuka.
Mama ntilie mmoja akanipa chumvi, hakuuliza.
Siku ya tatu ni Ijumaa.
Nimefika saa tisa na nusu.
Mlinzi ananiambia, njoo Jumatatu,
Jumatatu nayo wanaihesabu kuwa ya sita.

"Thamani ya mnyama?"
Nilitaka kumwambia: lita mbili asubuhi,
moja na kidogo jioni,
sare ya Kidawa, daftari za Kidawa,
na deni la duka ambalo Mpemba hakuwahi kunidai kwa sauti
kwa sababu alijua Sikujua yupo.
Nilitaka kumwambia alikuwa na tabia
ya kunilamba kiwiko nikimkamua.
Kijana akashusha kidole kwenye jedwali.
Ng'ombe: mstari wa pili.
Kiwiko hakimo.

Masika mawili yakapita, na vuli moja isiyonyesha.
Siku moja napalilia mihogo, simu inatetemeka kiunoni.
*Umepokea.*
Kuku wanne, kwa bei ya gulio letu.
Ukiondoa makato ya wakala, watatu na paja.

Wanaiita kifuta jasho.
Kifuta machozi kipo, nimeelezwa,
lakini hicho ni mpaka simba ale mtu.
Sikufuru. Lemburisi wa kule malishoni
alipoteza kumi na mmoja kwa usiku mmoja,
faili lake likahama na mtu aliyehamishwa,
na mpaka leo akipita kwangu
huniuliza habari za pesa yangu
kama mtu anayeulizia mtoto aliyefaulu.
Nami najipangusa paji la uso.
Kukavu. Jasho lile lilijikaukia zamani.

Nilirudi Pangani kwa jambo moja tu: sikio.
Yule kijana hayupo, yuko binti mwenye miwani.
Akafungua faili, akalikuta,
limekunjamana kama ganda la mkwaju,
hereni bado inang'aa.
"Mama, hereni ni mali ya serikali."
Na sikio?
"Sikio ni kielelezo."
Na mimi?
"Wewe tia sahihi hapa. *Nimepokea, nimeridhika.*"

Kusoma nilisoma, mpaka la saba.
Nikashika kalamu yake, nikainama,
nikaandika juu ya vile vitone, kwa herufi kubwa,
SIKUJUA.
Akagonga muhuri bila kutazama.

Pantoni siku hiyo ilikuwa nzima.